MOTOKAA ILIYOPIGA MAGOTI

Mhariri aliponiandikia kuniomba habari kwa ajili ya kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nalidhani anataka nieleze jinsi nilivyopata kazi, au namna mwanafunzi awezavyo kufaulu mtihani wa hesabu. Mambo hayo wengine wamekwisha kuyaandika, tena vizuri kuliko mimi. Basi mimi nitawasimulia habari za motokaa yangu ya kwanza, jinsi nilivyoishusha chini kabla sijainunua, na jinsi yenyewe ilivyonishusha mimi baadaye. Wenzangu tuliomaliza pamoja mwaka 2006 watacheka, kwa kuwa wanajua kipande tu cha habari hii. Leo nawapa yote.

Kwetu ni Kisoro, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Ni nchi ya milima ya moto, Muhavura, Mgahinga na Sabinyo, na mashamba yetu yamejaa mawe meusi yaliyotoka katika milima hiyo zamani sana. Mtu akitaka kulima kwetu, kwanza huokota mawe na kuyapanga yakawa ukuta, ndipo apande viazi. Baba yangu amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, na mawe hayo ndiyo yaliyomharibia nyonga. Leo hutembea kwa mkongojo. Nilipopata nafasi ya kuingia shule hii, aliuza ng’ombe wawili ili apate karo. Asubuhi aliponisindikiza kituo cha basi hakusema mengi. Alinipa shilingi za njiani, akaniambia, “Soma. Na siku utakapokuwa na motokaa, mimi nitakaa mbele.” Alisema kwa mzaha, nami nikacheka. Lakini kila nilipokaa usiku kufanya hesabu katika bweni letu, nalimwona Baba amekaa mbele.

Baada ya masomo nilipata kazi ya karani wa hesabu katika kampuni moja mjini Kampala, nikaweka akiba miaka minane. Wenzangu wengi walinunua motokaa zilizokwisha kutumika Japani, zile zipangwazo kwa mamia katika bondi za mjini. Ni motokaa nzuri, wala siwalaumu. Lakini mimi nalitaka mpya kabisa. Nalisema moyoni kwamba mtoto wa mtu aliyeuza ng’ombe wawili hawezi kumweka baba yake katika kiti kilichokwisha kukaliwa na wengine. Hivyo ndivyo majivuno yajuavyo kuvaa kanzu ya heshima.

Tena palikuwa na jambo jingine, nalo ni aibu kulitaja. Karibu na nyumba niliyopanga alikaa kijana mmoja mwenye motokaa iliyoshushwa. Ilipita kila asubuhi kama paka anyemeleaye panya, tumbo lake karibu ligusane na lami, na matairi yamejaza nafasi yote chini ya madigadi. Watoto walikimbia kuitazama. Mimi nilipopita kwa miguu hakuna aliyenitazama. Nikajiambia, yangu nayo itakuwa hivyo hivyo, tena itakuwa hivyo tangu siku ya kwanza itokapo dukani.

Mwezi wa Septemba 2022 nikaenda kwa wauzaji wa motokaa mpya. Kijana aliyenipokea alivaa vizuri, na maneno yake yaliteleza kama mafuta. Nilipomweleza shauri langu, hakushtuka hata kidogo.

“Bwana, hapana shida,” akasema. “Tutaishusha hapa hapa katika karakana yetu kabla hujaichukua. Gharama tutaitia katika bei, na benki italipa yote pamoja. Utaichukua ikiwa tayari.”

Maneno hayo yalinipendeza kwa sababu mbili. Ya kwanza, sikuwa na fedha za ziada mkononi. Mkopo wa benki ukiibeba kazi hiyo, mimi nitalipa kidogo kidogo. Ya pili, nalidhani kwamba kazi ikifanywa na wauzaji wenyewe, basi dhamana ya motokaa itaifunika. Sikuuliza. Nalidhani tu. Tukapatana kuishusha sentimita 4, nami nikatoa arubuni.

Siku ya pili nikaitwa karakana kuitazama kazi. Mkuu wa mafundi alikuwa mzee mmoja mwembamba, aliyejifunza ufundi wake katika karakana ya polisi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimenyooka, hakina mapambo. Motokaa yangu ilikuwa juu ya jeki, magurudumu yamekwisha kutolewa, naye ameketi juu ya ndoo akiitazama. Hakunisalimu kama muuzaji alivyonisalimu. Aliniuliza:

“Wewe ndiye mwenyewe?”

“Ndiyo, Mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Nani atakaa ndani ya gari hili?”

“Mimi, mke wangu na watoto watatu.”

“Mnakwenda wapi?”

“Kazini. Na mara moja moja nyumbani, Kisoro.”

Akanyamaza kidogo, akijifuta oili mikononi. “Kisoro kwenyewe, au kule kwenye mawe?”

“Kule kwenye mawe, Mzee.”

“Sikia, mwanangu. Kushusha gari si dhambi. Mimi nimewashushia watu wengi. Mtu akiwa peke yake, anapita lami ya mjini tu, hana neno. Gari likiwa chini halilali sana kwenye kona. Lakini watu wa kiwanda si wajinga. Urefu huu hawakuuokota njiani, wameupima. Wameweka hesabu ya watu watano na mizigo, na hesabu ya shimo ambalo hujaliona. Wewe unaiondoa hesabu ile. Umeweka nini mahali pake?”

Sikuwa na jibu. Naliona haya, na haya yakageuka hasira, kama kawaida ya kijana aliyelipa arubuni. Nikamwambia kwamba muuzaji amekwisha kukubali. Mzee akainuka, akasema, “Vema. Basi walau sitazikata springi zako. Nitatia nyingine fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Na hizi za kwanza usiniachie hapa. Nitazitia guniani, uende nazo. Siku moja utazitafuta.”

Hapa nataka kusimama kidogo kwa ajili ya wanafunzi, maana mambo haya yote yamo katika vitabu vyao. Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi huvutika au kubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoitenda; nguvu ikiwa maradufu, nayo hubonyea maradufu. Basi tufanye hesabu. Tuseme springi ya nyuma hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 20. Mkiongeza watu na mizigo ya kilo 200 nyuma, kila upande hubeba kilo 100, na motokaa hushuka sentimita 5. Kama tumbo lake lilikuwa sentimita 15 juu ya ardhi, sasa zimebaki 10. Springi fupi zinazouzwa kwa kushusha motokaa kwa kawaida hufanywa ngumu zaidi; tuseme kilo 25 kwa sentimita 1. Mzigo ule ule utaishusha sentimita 4. Lakini ulianza na 11, si 15, kwa kuwa 4 ulizitoa mwenyewe dukani. Kumi na moja ukitoa 4, zimebaki 7. Na yako matuta ya barabarani yenye kimo cha sentimita 10. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumaliza hesabu hiyo. Mimi karani wa hesabu sikuifanya, kwa kuwa motokaa niliyoitazama dukani ilikuwa tupu.

Na kwa nini mzee alikataa kuzikata? Wako mafundi wanaozikata springi za kiwanda ili motokaa ishuke kwa bei rahisi. Springi ikiwa na mizunguko 8, ukaondoa mmoja, ikabaki na 7, huwa fupi, na papo hapo huwa ngumu zaidi kwa sehemu 8 juu ya 7. Kama imekatwa kwa moto wa gesi, chuma chake hulegea pale kilipochomwa. Tena springi iliyokatwa yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaponing’inia shimoni. Mzee yule aliniokoa na hatari hiyo, nami sikumshukuru.

Ilipofika saa ya kutia sahihi, muuzaji alinipa karatasi za kurasa tatu. Katika shule hii mwalimu wetu wa biashara alitufundisha kwamba mkataba husomwa tangu juu hata chini, na maandishi madogo ndiyo yasomwayo mara mbili. Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza, nikautazama wa pili, na wa tatu nikautilia sahihi. Nje ya dirisha naliiona motokaa yangu imeoshwa, iko chini kama nilivyotaka, nayo inang’aa.

Sitawadanganya ndugu zangu: miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya furaha. Katika lami nzuri motokaa ilishika njia kama treni ishikavyo reli. Katika kona haikulala. Watoto wa jirani walikimbia kuitazama, na yule kijana mwenye motokaa kama paka alinipigia honi kwa heshima. Ni kweli ilirusha kidogo penye viraka vya barabara, na mke wangu alilalamika mgongo. Nikamwambia atazoea.

Mwezi wa Desemba ukafika. Baba alikuwa amekwisha kupata habari, na habari hiyo alikuwa ameitangaza. Kanisa letu liko kilometa 4 kutoka nyumbani, na kwa nyonga yake Baba huanza safari mapema sana ili asichelewe ibada. Aliwaambia wazee wenzake kwamba Krismasi ya mwaka 2022 hatakwenda kwa mkongojo. Alinipigia simu mara mbili kuniuliza kama motokaa ina mkanda wa kufunga, maana amesikia kwamba anayekaa mbele lazima ajifunge.

Tukaondoka Kampala usiku wa kuamkia tarehe 24, mimi, mke wangu, watoto watatu, na nyuma sukari, mchele, sabuni, na blanketi mbili za Mama. Safari ni ya karibu kilometa 500. Hatujavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe tukalisikia tuta la kwanza. Lilikwaruza tumbo la motokaa tangu mbele hata nyuma, sauti kama ya bati linaloburutwa juu ya saruji. Watoto wakaamka. La pili vivyo hivyo. Mke wangu ni mtu wa maneno machache, penye tuta la tatu alisema, “Simama.” Akashuka na watoto, wakalivuka tuta kwa miguu, nami nikapita peke yangu polepole, kisha wakapanda tena. Tulifanya hivyo penye kila tuta kubwa, Masaka, Lyantonde, Mbarara, hata Kabale. Watu wa kando ya njia walituuliza kama tumegombana.

Baada ya Kabale barabara inapanda milima kwa kona nyingi, lakini lami yake ni nzuri, nami nikapata moyo tena. Pale Kanaba wingu lilikuwa limeondoka, tukaiona milima yetu mitatu imesimama mbele yetu. Nikawaonyesha watoto. Nalidhani tumefika.

Kutoka barabara kuu mpaka kwetu ni kilometa 6 za udongo na mawe. Nilikwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Nilipofika kilometa ya pili jiwe moja, ambalo naamini nimelikanyaga kwa miguu tangu utoto wangu, lilishika bakuli la oili chini ya injini. Nalisikia mlio mmoja mfupi. Taa nyekundu ikawaka, nikazima injini upesi, nikashuka, nikaona mstari mweusi nyuma yetu juu ya mawe. Vijana wakaja wakatusukuma mpaka penye maduka machache, na hapo ndipo motokaa yangu mpya ilipokomea.

Habari haikawii kufika kijijini. Kabla jua halijatua nikamwona Baba akishuka njia kwa mkongojo wake, amevaa koti lake la kanisani, na wazee wawili pamoja naye. Alikuwa ametembea kilometa 4 kuja kuitazama motokaa ambayo ingemwokoa na kilometa 4. Nikamwamkia. Hakuuliza juu ya oili. Aliizunguka motokaa yote, akaipapasa rangi yake, akasema kwa lugha ya kwetu kwamba ni nzuri. Kisha akafungua mlango wa mbele.

Nikamwambia, “Baba, imeharibika, haiwezi kwenda.”

“Najua,” akasema. “Nataka kukaa tu.”

Akauweka mkongojo kando, akashika paa, akaanza kujishusha. Kiti kilikuwa chini sana, na nyonga yake haikukunjika kiasi hicho. Akajaribu kuingia kwa mguu wa kulia, kisha kwa kugeuka mgongo. Nikamshika mkono, na mzee mmoja akamshika mkono wa pili, lakini alipofika nusu uso wake ukabadilika kwa maumivu, tukamwinua tena. Alisimama akihema, ameegemea mlango. Watu walikuwa wamejaa kutazama. Halafu Baba akacheka.

“Mwanangu,” akasema, “motokaa yako ina adabu nyingi. Imepiga magoti mbele ya wakubwa. Lakini mkubwa mwenyewe hawezi tena kupiga magoti ili aingie.”

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa kuwa sikujua niuweke wapi uso wangu.

Asubuhi ya Krismasi jirani yetu mwenye pikapu kuukuu ya kuchukulia viazi alikuja mpaka mlangoni. Pikapu ile ina umri mkubwa kuliko wangu, na mlango wake mmoja hufungwa kwa kamba. Lakini iko juu, na kiti chake kiko sawa na kiuno cha mtu mzima. Baba alisogeza mwili wake kando kidogo tu, akawa ameketi. Akakaa mbele. Mimi na ndugu zangu tulipanda nyuma, juu ya magunia matupu. Njia nzima naliitazama kofia ya Baba kwa kioo cha nyuma, nami nilihesabu miaka minane ya akiba.

Fundi wa Kisoro mjini alilichomelea lile bakuli la oili, nikarudi Kampala peke yangu na motokaa tupu. Mke wangu na watoto walipanda basi. Mwezi wa Januari nikaenda kwa wale wauzaji kudai dhamana. Kijana yule alinipokea kwa tabasamu lile lile, akafungua faili, akanionyesha ukurasa wa tatu. Pameandikwa kwamba kushusha motokaa kumefanywa kwa ombi la mnunuzi, na kwamba dhamana haitahusu springi, wala shokomzoba, wala kitu chochote kitakachoumia kwa sababu motokaa iko chini. Pameandikwa tena kwamba springi zikisha kubadilishwa arubuni hairudi. Chini yake ni sahihi yangu, nzuri, yenye mkia mrefu, kama nilivyoizoeza nilipokuwa kidato cha pili. Sikuwa na la kusema. Sitaki mtu adhani naliibiwa. Naliambiwa kila kitu kwa maandishi, ila sikusoma.

Nikazunguka nyuma karakana. Mzee alikuwa palepale, juu ya ndoo yake.

“Umezileta?” akauliza.

Gunia lilikuwa nyuma ya motokaa. Alifanya kazi ile kwa muda wa nusu siku, akarudisha springi za kiwanda, kisha akapanga upya magurudumu. Alinionyesha matairi: upande wa nje yalikuwa mapya, upande wa ndani yamelika kama sabuni, ingawa hayakutimiza miezi minne. Motokaa yangu iliposhushwa magurudumu yake yaliinama ndani kidogo na kuacha kwenda sambamba, na tangu siku ile hakuna aliyeyapanga. Akanionyesha tena mipira midogo iliyo juu ya shokomzoba, ile ya kuzuia chuma kisigonge chuma. Ilikuwa imepondeka. Nilipotaka kumlipa zaidi kwa ajili ya shauri lake la kwanza alikataa. Alisema shauri ambalo halikufuatwa halina bei.

Basi, ndugu zangu mnaoanza kupata mishahara, sitawaambia msishushe motokaa zenu. Kila mtu na apendalo. Watu wa California wenye asili ya Mexico wamefanya jambo hilo kuwa sanaa. Sheria ya huko ya mwaka 1958 ilikataza motokaa kuwa na sehemu iliyo chini kupita ukingo wa chini wa rimu zake. Mwaka 1959 kijana mmoja aitwaye Ron Aguirre akaifungia Corvette yake mitambo ya mafuta, hata akaweza kuiinua awaonapo polisi na kuishusha wakiondoka. Tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria mpya imeondoa katazo lile. Lakini tazameni hekima ya watu wale: walitaka motokaa iwezayo kushuka, na papo hapo iwezayo kupanda. Mimi nalitaka kushuka tu.

Na kwetu Afrika ya Mashariki tuna somo la namna nyingine. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, motokaa 7 tu zilifika mwisho, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Wazee wetu wanaikumbuka motokaa hiyo. Haikuwa ya kunyemelea kama paka. Ilisimama juu, na magurudumu yake yalikuwa na nafasi ya kupanda na kushuka.

Mtu akitaka kuishusha motokaa mpya kabla ya kuinunua, namwomba afanye mambo haya. Kwanza, apakie watu wake wote na mizigo katika motokaa ya namna ile ile, ndipo apime nafasi iliyobaki chini. Pili, aulize dhamana itafunika nini na haitafunika nini, na jibu alipate kwa maandishi, tena alisome kabla ya kutoa arubuni. Tatu, kampuni ya bima iambiwe, maana ikigundua baadaye yaweza kukataa kulipa. Nne, magurudumu yapangwe upya siku ile ile, na taa zitazamwe zisimulike mahali pasipo pake. Na motokaa za siku hizi zenye kamera na vyombo vya kupima umbali vipimwe tena navyo. Tano, springi za kwanza zisitupwe. Na la sita, ambalo fundi yule aliniuliza kabla ya mengine yote: nani atakaa ndani?

Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023, tulikuwa nyumbani. Motokaa ilipanda mawe yetu polepole, ikafika mpaka mlangoni, haikukwaruza popote. Kwa jirani mwenye pikapu nilipeleka kilo mbili za sukari. Baba alitoka na koti lake la kanisani. Alisimama akaitazama kwa muda, akasema, “Naona imesimama.” Akageuza mwili, akashika paa, akaketi kwa taabu kidogo, lakini akaketi. Nikamfunga mkanda, akaushika kwa mikono miwili.

Tulipokaribia kanisani aliniomba nipunguze mwendo. Nikamwambia kwamba njia ni nzuri hapa, hapana jiwe.

“Sisemi kwa ajili ya mawe,” akasema. “Wazee wenzangu wamekaa pale chini ya mti. Pita polepole.”

Nikapita polepole.